Nataka duka la vifaa vya ngono ambalo wanawake watajisikia huru, rangi na taa zinatosha?

SWALI: Habari dada. Mimi na rafiki yangu tunataka kufungua duka la vifaa vya ngono, liwe la kifeministi kabisa, mwanamke akiingia ajisikie huru. Rangi tumeshachagua, taa nzuri zipo, na wahudumu watakuwa wanawake watupu. Hivi vinatosha? Wanaume tuwazuie au waingie tu? Na bidhaa tunachaguaje maana kwa wauza jumla kila kitu kimeandikwa ni salama? Alafu hela yenyewe ni ndogo, tuanze na kipi?

JIBU: Asante dada kwa swali, na hongereni. Mimi kazi yangu ni elimu ya afya ya ujinsia na sa hivi muda wangu mwingi unaenda kwenye kuwafundisha wahudumu wa maduka ya hivi, kwa hiyo uliyouliza ndo ninayoulizwa kila wakati. La rangi na taa nalimaliza haraka: vizuri kuwa navyo, ila duka la rangi ya waridi lenye muhudumu anayekucheka kwa jicho ni duka lilelile la zamani limepakwa rangi tu. Mimi nikiingia duka naangalia jambo moja, mteja ambaye hajui anataka nini, na pengine leo hanunui chochote, anapokelewaje. Mengine yote yanatokea hapo.

Ukitaka kujua kwa nini nasema hivyo angalia haya maduka yalivyoanza. Dell Williams, mwanamke wa New York, mwanzoni mwa miaka ya 70 alienda duka kubwa la kawaida kununua mashine ya masaji ambayo wanawake wenzake walikuwa wanaitumia kujichua, kijana wa kaunta akamuuliza mbele za watu anaitaka ya nini. Akajibu ya mgongo, akatoka pale na aibu na hasira juu. Mwaka 1974 akaanzisha duka lake la vifaa vya ngono, Eve's Garden, mwanzoni ni oda za posta tu kutoka nyumbani kwake. Sasa fikiria, kile kifaa kilikuwepo dukani na hela anayo, kilichomuumiza ni swali. Miaka mitatu baadae, 1977, Joani Blank akafungua duka la Good Vibrations kule San Francisco, yeye alikuwa ametoka kufanya kazi na vikundi vya wanawake ambao hawajawahi kufika kileleni, kwa hiyo alishajua wengi wanaoingia pale wanatafuta maelezo kwanza, kifaa baadae. Akaweka mwanga wa kutosha, vitabu vya kusoma, vaibreta (vifaa vya kutetema) za kushika, na hata mkusanyiko wa mashine za kizamani za masaji za kuangalia tu. Na mtu wa ajabu kidogo kibiashara, alikuwa anawafundisha wengine jinsi ya kufungua duka kama lake na kuwapa majina ya wauza jumla, yaani anatengeneza washindani wake mwenyewe kwa mikono yake.

Kwa hiyo muhudumu. Hapa ndo mtakapotofautiana na wengine, naomba mvumilie nikiwa mrefu. Mteja akiingia msalimie, mwambie "karibu, angalia taratibu, ukiwa na swali nipo", alafu muache. Usimfuate nyuma. Akikuita usimuulize kama ana mume au mpenzi, usikisie anafanya mapenzi na nani, uliza vitu vinavyosaidia kuchagua: unataka cha nje (cha kugusa kisimi) au cha ndani (cha kuingiza), umewahi kutumia kitu ukakipenda au ukakichukia, kelele ni tatizo nyumbani, mikono yako inabonyeza vitufe vidogo bila shida? Hilo la mikono watu wanalisahau kabisa na kuna wenye maumivu ya viungo, kuna wazee, kuna wenye ulemavu, anabeba kifaa cha bei ghali anafika nyumbani hawezi hata kukiwasha. Muwashie, akishike kiganjani asikie mtetemo, ama akiguse ncha ya pua, maana pua nayo inausikia vizuri mtetemo (na watu wanacheka, na ile aibu inapungua).

Muhudumu asihadithie chumba chake mwenyewe hata kama anadhani anasaidia. Asiseme "hii lazima ikufikishe kileleni" maana ikishindikana mwanamke anaondoka akijiona yeye ndo mbovu. Na ajue mipaka yake, mtu akikwambia anaumia kila akifanya mapenzi, au anatoka damu baada ya tendo, au alishakoma hedhi na sasa damu imerudi, hapo huuzi kitu, unamwambia kwa upole akaonane na daktari, na ni vizuri mkawa na orodha ya madaktari wa kike na wa kiume ambao hawawakemei watu. Mwenye ukavu kwa sababu ananyonyesha au amekoma hedhi au anatumia dawa za saratani, huyo kilainishi kinaweza kumsaidia sana, ila ukae nae umuelekeze usimtupie chupa.

Alafu rafu zenu zinaongea hata kabla ya muhudumu. Duka la kizamani ukiingia unakutana na msitu wa uume wa plastiki kwenye usawa wa macho, kama vile raha ya mwanamke inaanzia na kuishia kwenye kuingiliwa, wakati wanawake wengi hawafiki kileleni kwa kuingiliwa peke yake, wanahitaji kisimi kiguswe. Na kisimi chenyewe sehemu kubwa imejificha ndani. Helen O'Connell, daktari wa Australia, alichapisha utafiti wake 1998 kuonyesha kwamba ni kikubwa kuliko vitabu vingi vya udaktari vilivyokuwa vinachora. Bandikeni mchoro wa kisimi ukutani, mkubwa, wenye majina, utafanya kazi kuliko matangazo yote. Vifaa vya nje viwekeni mbele. Vitoeni kwenye maboksi yenye picha za wasichana uchi, weka sampuli moja ya kushika na kikaratasi cha maelezo kwa lugha ya kawaida, kimetengenezwa na nini, kinasafishwaje, kelele kiasi gani.

Bidhaa sasa. Neno "salama" kwenye boksi lisikuridhishe. Mwaka 2006 shirika la mazingira la Greenpeace, tawi la Uholanzi, walipima vifaa nane vya plastiki, saba vikakutwa na thaleti, hizi ni kemikali za kufanya plastiki iwe laini, na kiasi kilifika mpaka 51%, wakati Ulaya ilishazizuia baadhi yake kwenye midoli ya watoto. Yaani mdoli wa mtoto unalindwa, kinachoingia ukeni hakuna anayeuliza. Watengenezaji walikuwa wanakwepa kwa kuandika ni kitu cha mzaha tu sio cha kutumia mwilini. Duka la Smitten Kitten la Minneapolis, Marekani, lilipofungua 2003 mzigo wao wa mwanzo ulifika unanuka na unatoa mafuta, wenyewe wakaanza kuuliza maswali ya kemikali na kampeni nzima ikaanzia hapo. Leo kuna kiwango cha kimataifa cha usalama wa vifaa hivi, ISO 3533 cha mwaka 2021, muulize muuza jumla kama bidhaa inakifuata, akiduwaa umeshapata jibu lako.

Kwa kifupi silikoni halisi, kioo kigumu cha borosilikati, chuma kisichoshika kutu na plastiki ngumu ya ABS havina vitundu vya kuhifadhi bakteria, vinasafishika vizuri. Zile laini za bei rahisi zinazoitwa jeli, zinazonuka kama pazia jipya la bafuni, achaneni nazo. TPE (plastiki laini kama mpira) iko katikati, nyingi hazina thaleti ila zina vitundu, ukiuza mwambie mteja aivalishe kondomu. Cha kutumia njia ya nyuma lazima kiwe na kitako kipana, bila hivyo kinaweza kuzama ndani na safari ni ya hospitali, hapa hakuna mjadala hata mteja akisisitiza.

Vilainishi navyo vina sayansi yake. Vya mafuta vinaharibu kondomu za lateksi. Vya silikoni vinaweza kuharibu kifaa cha silikoni. Vya maji ndo vya kila siku, lakini vingine vimejazwa gliserini mpaka vinanyonya maji kwenye seli za uke, ndo mtu anasema kinachoma. Shirika la Afya Duniani linashauri osmolaliti (kipimo cha jinsi kilainishi kinavyonyonya maji, huandikwa mOsm/kg) isizidi 1200, na ikiwezekana isivuke 380, na pH (kipimo cha uchachu) ya kilainishi cha ukeni iwe karibu na 4.5. Kama namba hizo haziko kwenye chupa mwandikie mtengenezaji. Na kuna vitu mimi nasema msiuze hata kama vinatoka haraka: krimu za kutia ganzi njia ya nyuma, maana maumivu ndo taarifa yenyewe kwamba simama, na krimu za kubana uke, ambazo zinakausha na kuchubua na zinauzwa kwa kumtia mwanamke hofu kuhusu mwili wake. Hela ipo pale, najua. Ila huwezi kujiita mfeministi huku unauza hofu.

Usiri: jina kwenye risiti na kwenye meseji ya malipo liwe la kawaida lisilotaja ngono, mfuko usiwe na maandishi, namba ya mteja usiitumie kumtangazia ofa kama hajakubali. Kuna mwanamke ambaye meseji moja tu ikionekana nyumbani ni kipigo.

Wanaume sasa. Eve's Garden ilianza kwa wanawake tu, na duka la Sh! la London lilipofunguliwa 1992 mwanaume alikuwa haingii bila kusindikizwa na mwanamke. Kwa wakati ule naelewa, maduka mengine yote yalikuwa ya wanaume. Leo mimi nisingewazuia, kuna wanaokuja na wake zao, kuna wanaume mashoga, na kukaa mlangoni kuamua nani ni mwanamke wa kutosha kutawaumiza watu waliobadili jinsia kabla hata hujagundua. Wekeni sheria ya tabia, anayemkodolea macho mteja au kumsumbua muhudumu anatoka, bila kubembelezana. Mkiona bado kuna haja tengeni saa maalum, duka la Good for Her la Toronto liliwahi kufanya hivyo. Na hao wahudumu wenu watasumbuliwa, kwa simu na ana kwa ana, hilo lipangieni mapema. Wafanyakazi wa maduka ya Babeland New York walipopiga kura ya kujiunga na chama cha wafanyakazi mwaka 2016, mafunzo na msaada wa kukabiliana na wateja wasumbufu vilikuwa kwenye madai yao, na hilo ni duka lililoanzishwa na wanawake wafeministi. Kuajiri wanawake watupu alafu kuwalipa kiduchu na kuwaacha peke yao usiku hakuna ufeministi hapo.

Kuanza na kipi: kwanza ulizeni mwanasheria vitu hivi vinaruhusiwa vipi mlipo, sheria zinatofautiana sana nchi na nchi. Alafu hela iende kwenye mafunzo ya wahudumu kabla ya rangi. Stoki iwe ndogo, vaibreta chache nzuri za nje za bei tofauti, moja mbili za ndani, vilainishi viwili vya maji na kimoja cha silikoni, kondomu, seti ya vipanuzi vya uke kwa wale ambao misuli inakaza, na sampuli ya kila kifaa. Mengine subirini. Wekeni daftari kaunta, kila kitu mteja alichoulizia mkawa hamna muhudumu aandike, na oda ya pili itoke kwenye hilo daftari.