Trinidad usiku: pitia mazoezini kabla ya kununua tiketi

Mtu akiniambia anakwenda Trinidad, kisiwa cha Karibea, na anataka kujua pa kwenda usiku, kwanza namuuliza anakwenda mwezi gani. Kama ni Januari au Februari, kabla ya Karnivali, ile sikukuu yao kubwa ya mitaani, namwambia asikimbilie kulipia zile sherehe kubwa za soca, muziki wao wa dansi, zinazotangazwa kila kona. Tiketi zake ni mamia ya dola za Trinidad, na zile za kifahari, za kula na kunywa mpaka uchoke, hupita elfu. Utaruka, utatoka jasho, utafurahi, lakini utakuwa umezungukwa na wageni wenzako na watu wenye uwezo. Muziki ambao kisiwa kile kiliupa ulimwengu unapigwa mtaani, na mara nyingi hutoi hata senti kuusikiliza.

Nazungumzia pan, ngoma za chuma zinazotengenezwa kwa mapipa ya mafuta. Mwaka 1884 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilibana ngoma za ngozi, kwa kuogopa vurugu za Karnivali zilizokuwa zimezuka 1881. Watu wa mitaa ya chini wakahamia kwenye mianzi, wakiigonga ardhini, na kufikia miaka ya 1930 wakawa wanapiga mikebe na vyuma vyovyote walivyookota. Pipa la mafuta lilikuja kushika nafasi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wapigaji wake wa mwanzo walionekana wahuni; leo pan ni ala ya taifa.

Bendi hufanyia mazoezi kwenye viwanja vyao wenyewe, panyard kama wanavyoviita. All Stars wako Duke Street na Renegades wako Charlotte Street, zote katikati ya mji mkuu, Port of Spain. Phase II wako Woodbrook, mtaa uliotulia zaidi, na kwa mgeni wa mara ya kwanza mimi ningeanzia huko. Fika kuanzia saa mbili usiku. Utakuta kiwanja chenye taa kali, kibaa kidogo pembeni kinachouza bia za Carib na Stag, wazee wamekaa kwenye viti vya plastiki, watoto wanakimbizana, na pan zimepangwa kwenye fremu za chuma zenye magurudumu, maana siku ya mashindano husukumwa kwa mikono hadi uwanjani.

Saa ya kwanza inaweza kukuchosha, nakutahadharisha. Hawapigi wimbo mzima. Mpangaji wa muziki anachukua kipande kidogo tu, anawafundisha wapigaji wa sauti nyembamba, wanakirudia, anakataa, wanakirudia tena. Wengi hawasomi nota. Kila kitu wanakishika kichwani na mikononi. Vumilia. Ikikaribia saa nne au tano hivi, vipande vinaanza kuunganishwa, na bendi kubwa yenye watu kufikia 120 ikipiga kwa pamoja kwa kasi, ardhi unaisikia ikitetemeka chini ya viatu.

Usisimame mbele kama kwenye tamasha. Zunguka. Usiku mmoja nilisimama nyuma ya kijana wa besi aliyezungukwa na mapipa 6 mazima. Alikuwa akigeuka kiuno kulia, kushoto, nyuma, bila kuangalia anapogonga, kijiti chenye kichwa cha mpira kikirudi mahali pake kila mara, huku akipiga soga na jirani yake kila alipopata mapumziko ya sekunde chache. Hiyo huioni kutoka jukwaani. Kisha sogea katikati, kwenye kundi wanaloliita chumba cha injini: ngoma, kongas (ngoma ndefu za kupigwa kwa viganja), na wale wanaogonga chuma, ambacho mara nyingi ni diski ya breki ya gari. Mlio wake unapasua masikio, kwa hiyo beba vizibo au usikae hapo muda mrefu.

Adabu zenyewe ni chache. Salimia unapoingia. Usiguse pan ya mtu, hata kwa kidole. Sauti zake zimepangwa kwa nyundo na kazi hiyo ni ghali. Picha hazina shida, ila ukitaka kurekodi wimbo mzima omba ruhusa, kwani wako kwenye mashindano. Na nunua vinywaji palepale, kwa sababu kibaa kile kinaisaidia bendi. Asiyekunywa pombe aulize kama kuna sorrel. Ni ile ile rosela tunayoijua sisi, wao wakiitia viungo.

Mashindano yenyewe ni Panorama, yaliyoanza mwaka 1963. Fainali ya bendi kubwa huwa usiku wa Jumamosi kabla ya Karnivali, kwenye uwanja wa Queen's Park Savannah. Karnivali huangukia Jumatatu na Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu, kwa hiyo mwaka 2027 ni tarehe 8 na 9 Februari. Nunua tiketi ukitaka, lakini kila bendi inapata takriban dakika 8 jukwaani, na kati ya bendi na bendi utasubiri sana. Mimi napendelea njia ya kuelekea jukwaani, ambako bendi zinajipanga na kupiga wimbo wao mara ya mwisho huku mashabiki wakiwa wamezizingira. Unasimama hatua mbili kutoka kwa mpigaji.

Njaa ikikushika, tafuta doubles: vichapati viwili laini vya kukaanga, vya rangi ya manjano, vimejazwa dengu za mchuzi na kufungwa kwenye karatasi. Muuzaji atakuuliza pilipili kiasi gani. Hata kama umekulia kwenye pilipili mbuzi, anza na kidogo. Kwenye barabara ya Ariapita Avenue wapo wauzaji usiku, na baa zimejaa pande zote mbili. Pembezoni mwa Savannah utapata madafu.

Sasa usalama, na hapa sitapamba maneno. Trinidad ina tatizo kubwa la uhalifu wa bunduki, kiasi kwamba Desemba 2024 ilitangazwa hali ya hatari nchi nzima. Soma habari kabla ya kusafiri. Usitembee kwa miguu katikati ya mji baada ya mazoezi, hata kama umbali ni mfupi. Panga mapema na dereva mmoja, anayefahamika na mwenyeji wako, akurudishe. Teksi halali ina namba inayoanza na H. Yenye P ni gari binafsi, na wapo wanaobeba abiria kwa magari hayo kinyume cha sheria. Mchana nenda na maxi taxi, ambazo waliozoea daladala na matatu watazielewa haraka. Na ile suruali yako ya mabaka ya kijeshi iache nyumbani, maana raia kuvaa nguo za namna hiyo ni kosa kisheria.

Ukienda nje ya msimu, hujapoteza kitu. Novemba na Desemba kuna parang, nyimbo za Krismasi za Kihispania zinazopigwa kwa gitaa dogo la kwatro na kayamba za mkononi, na vijiji vya Paramin na Lopinot ndiyo nyumbani kwake. Mwezi mwingine wowote, vuka kwenda kisiwa jirani cha Tobago kwa boti au kwa safari fupi ya ndege, ukaingie Sunday School ya kijiji cha Buccoo. Jina lisikudanganye, hakuna Biblia pale: ni dansi la mtaani la Jumapili usiku, bendi ya pan ikianza, kisha spika zinachukua zamu mpaka usiku wa manane. Usifike mapema sana, na kama una ndege Jumatatu alfajiri, chagua Jumapili nyingine.