Shanghai 1937–1941: kampuni za kigeni zilibanwa vipi bila kufukuzwa?

Mkuu, umeuliza: ikiwa Japani iliteka Makazi ya Kimataifa ya Shanghai, yaani sehemu ya mji iliyotawalwa na wageni, Desemba 1941 tu, mbona Waingereza na Wamarekani walilalamika tangu 1938 kwamba soko limefungwa?

Jibu liko mtoni. Shanghai ilikuwa lango tu. Mali ilipanda na kushuka bara kwa mto Yangtze. Sehemu ya mji iliyokuwa ya Wachina ilipoanguka Novemba 1937, jeshi la Japani liliwafungia wageni mto huo, likitaja mabomu ya majini na shughuli za vita. Si uongo mtupu, maana Wachina wenyewe walikuwa wamezamisha meli pale Jiangyin kuziba njia. Ila meli za Kijapani ziliendelea kupanda, na bidhaa za madukani zilipita humo kwa jina la shehena ya jeshi. Kampuni za Kiingereza za Jardine Matheson na Butterfield & Swire walikuwa na meli, magati na maghala yao, lakini ruhusa hawakuwa nayo. Mshindani asiye na usafiri hata umshushie bei ya nini?

Halafu usiyahesabu Makazi yale kama yaliachwa mazima. Hongkou na Yangshupu, mitaa ya Makazi hayo yenye viwanda na magati mengi, zilikuwa mikononi mwa Wajapani tangu mapigano ya 1937. Kuvuka kijito cha Suzhou kwa Daraja la Garden ni kupita mbele ya askari wao, na kuondoa mali ng'ambo ile kulihitaji kibali chao.

Forodha wengi huisahau. Mei 1938 Uingereza ilikubali mapato ya forodha ya China katika bandari zilizotekwa yawekwe Yokohama Specie Bank, benki ya Kijapani. Binafsi naona hapo London iliachia kamba mapema mno. Novemba mwaka huohuo ikaundwa kampuni kubwa ya Kijapani ya kuendeleza China ya Kati, ikikusanya chini yake reli, umeme na simu.

Marekani ilipeleka barua ya malalamiko Tokyo Oktoba 1938. Novemba ikajibiwa kwamba hali ya Asia imebadilika, kanuni za zamani hazitoshi. Kilichowagusa Wajapani ni notisi ya Julai 1939 ya kuuvunja mkataba wa biashara wa 1911, kwa sababu Japani ilitegemea mafuta na vyuma chakavu vya Marekani. Desemba 1939 Tokyo ikatangaza nia ya kufungua Yangtze ya chini hadi Nanjing. Tangazo hilo halikutekelezwa.