Maswali ya Wasomaji: Kona 21 za Alpe d'Huez

SWALI: Mhariri, salaam. Naishi Lyon, na Julai nataka kurudi kupanda kwa baiskeli mlima wa Alpe d'Huez, hapa Ufaransa. Mwaka jana nilikwama kilomita ya tatu, natweta na magoti yanauma. Baiskeli yangu ni ya zamani: gia ndogo ya mbele ina meno 39, gia kubwa ya nyuma ina 25. Je, nilikosa mazoezi au baiskeli ndiyo haifai?
Msomaji, Lyon

JIBU: Ndugu msomaji, usiyalaumu mapafu kabla ya kuhesabu meno. Kutoka Bourg d'Oisans, mji ulio chini ya mlima, hadi juu ni kilomita 13.8 zenye mwinuko wa wastani wa asilimia 8.1. Mpandaji wa kawaida huenda humo kilomita 9 kwa saa, yaani mita 150 kwa dakika. Kwa meno 39 na 25, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza karibu mita 3.3, kwa hiyo ulikuwa unakanyaga mara 46 tu kwa dakika. Kila mkanyago ulikuwa kama kupanda ngazi na gunia begani, na mzigo huo ndio ulioyaumiza magoti. Ukiwa na 34 mbele na 34 nyuma, mzunguko mmoja ni mita 2.1 na miguu inazunguka mara 71 kwa mwendo uleule.

Fundi akikwambia utabadilisha gia ya mbele peke yake, mwombe apime kwanza. Mikono ya pedali ya zamani, ambayo boliti zake zimekaa kwenye duara la milimita 130, haishiki gia iliyo chini ya meno 38. Itabidi ununue mikono mipya yenye gia za 50 na 34. Nyuma chukua kaseti (fungu la gia za nyuma) ya meno 11 hadi 34 yenye idadi ya gia inayolingana na vibadilisho vyako vya mkononi, pamoja na kibadili gia (kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo) chenye mkono mrefu, kwa sababu ule mfupi wa zamani kwa kawaida hauifikii gia ya meno 34.

Mnyororo nao ubadilishwe. Upitishe kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuuingiza kwenye kibadili gia, tazama ncha zinapokutana, kisha ongeza pingili mbili. Hapa watu hukosea sana. Mnyororo mfupi hauonyeshi kasoro mpaka siku utakapotupia kubwa kwa kubwa. Hapo huking'oa kibadili gia na kuvunja kipande kinachokishikilia kwenye fremu.

Sasa mwendo. Ulikwama kilomita ya tatu, na hilo si ajabu. Sehemu kali zaidi iko mwanzoni kabisa: ukiacha tambarare tu, barabara inainuka kwa takriban asilimia 10 mpaka karibu na kijiji cha La Garde, kwenye kona ya 16. (Kona zinahesabiwa kurudi nyuma, ya kwanza unayoikuta ni 21.) Miguu ikiwa bado mipya, mtu hujiona simba akaondoka mbio, na deni hulilipa kilomita kumi zilizobaki. Tia gia nyepesi kuliko zote kabla ya mwinuko, usingoje uelemewe. Kipimo ni pumzi: mpaka La Garde uweze kusema sentensi nzima bila kukatika. Kwenye kona zenyewe barabara hulala kidogo. Usiongeze kasi hapo, pitisha pumzi mbili tatu na unywe maji.

SWALI: Nile nini, na lini?

JIBU: Wanga gramu 60 kwa saa: ndizi mbili za wastani na tende mbili tatu zinatosha. Maji mililita 500 hadi 750 kwa saa, zaidi kukiwa na jua. Anza kula ukiwa bado tambarare, maana ukishatweta kutafuna ni kazi. Njaa ya mlimani haibagui. Mwendesha baiskeli Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyejifunzia mashindano Kenya kwa mwendesha baiskeli Mkenya David Kinjah, aliishiwa nguvu hapohapo Alpe d'Huez mwaka 2013, siku ambayo Tour de France iliupanda mlima huo mara mbili, naye akiwa na jezi ya njano ya anayeongoza mashindano. Ilibidi mwenzake wa timu, Richie Porte, amletee chakula kutoka gari la timu katika kilomita za mwisho ambapo sheria ilikataza, wakaadhibiwa sekunde 20. Mwaka huo Froome alishinda Tour. Kama yeye aliweza kupitiwa na saa ya kula, nawe weka kengele kila dakika 20.

SWALI: Kushuka je? Breki zangu ni za kubana rimu.

JIBU: Usizishikilie mfululizo. Joto hukusanyika kwenye rimu, na tyubu inaweza kupasuka. Bana kwa nguvu ungali umenyooka kabla ya kona, achia ukiingia, mguu wa nje ukiwa chini na uzito wote juu yake. Kagua mpira wa breki mapema: mifereji yake ikiwa imefutika, badilisha. Na mfukoni uwe na koti jembamba la upepo. Juu kuna baridi inayozidi ya bondeni kwa nyuzi 7 hivi, nawe utakuwa umelowa jasho. Livae kabla hujaanza kushuka, maana vidole vikishakufa ganzi havibani breki.