Mwanangu, kuhusu lile swali lako la mvua

Mwanangu, hujambo? Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, unauliza katika mvua na mafuriko na majua yote niliyoyaona, ningeambiwa nirudie moja ningechagua lipi. Nilitaka kukujibu kwa sauti nikaona nitaongea mpaka bando liishe, acha niandike.

Ni mvua za Elinino, zile za 97 kuingia 98. Ila sio zote, mimi nataka wiki za mwanzo tu, zilizobaki wachukue wanaozitaka.

Maana watu wakisimulia Elinino wanaanzia kwenye mafuriko, hawasemi kabla ya hapo tulikuwaje. Msimu wa nyuma yake mvua ilikata mapema huku kwetu Dodoma, mtama ukakaukia shambani, ng'ombe unahesabu mbavu, bwawa la umeme la Mtera nalo maji yameshuka, nchi nzima inalia mgao wa umeme (sisi kijijini umeme wenyewe hatuna, kwa hiyo mgao tuliusikia redioni tu). Kilichotubana sisi ni njaa. Sasa fikiria mahali ambapo mwaka mzima mnapata kama milimita 570, hapo ni mwaka mzuri, halafu mawingu yanajikusanya meusi tii na mvua inashuka, sio ile ya kudanganya ya nusu saa, inashuka usiku kucha na kesho yake tena. Bibi yako alitoka nje akasimama kwenye mvua na khanga yake, hakuna aliyethubutu kumwambia mama ingia ndani.

Na kumbikumbi! Nyie wa Dar mnawafagia tu. Sisi tuliwasha taa ya chemli tukaweka beseni la maji chini yake, wakawa wanadondokea humo kwa wingi mpaka maji hayaonekani, unawakaanga na chumvi kidogo basi, baada ya miezi ya uji mwepesi we acha tu. Siku chache mbele mlenda ukaota wenyewe kila mahali. Halafu korongo, lile tulilokuwa tunakatiza kwenda sokoni, unasikia muungurumo kwa mbali huku kwenu mvua haijaanza hata tone, kumbe imenyesha huko juu, dakika chache maji hayo yanapita na miti mizima. Tulikuwa tunakimbilia kwenda kuangalia na kuchapwa tunachapwa.

Hapo ndo nataka irudi, hapohapo, halafu isimame.

Kwa sababu haikusimama. Bibi yako alikuwa anakaa kwenye tembe, unaijua, paa lake udongo juu ya miti. Ni nyumba nzuri sana kwa jua la Ugogoni lakini haikujengwa kwa mvua ya miezi, udongo unakunywa maji unakuwa mzito mpaka miti inalia. Yetu ilishuka upande mmoja mchana, mshukuru Mungu watu walikuwa nje, kuna jirani kwao ilishuka usiku na sitaki kuiandika hiyo. Reli nayo ikakatika huko kati ya Kilosa na Dodoma, barabara mbovu, bei ya vitu ikapanda. Malaria, kipindupindu. Mtera ilijaa kweli, lakini mtu aliyezika haangalii bwawa.

Redioni walikuwa wanasema ni Bahari ya Pasifiki imepata joto, babu yako anauliza Pasifiki na Dodoma wapi na wapi. Na alikuwa na hoja yule mzee! Baadaye nikaja kusoma kwamba mwaka ule hata Bahari ya Hindi ilikuwa na mambo yake, upande wetu ikapata joto kuliko kawaida na upande wa Indonesia ikapoa, ndo maana mvua ilipitiliza. Ndo maana pia 2015 walitutisha na Elinino nyingine watu wakaziba mapaa, ikaja ya kawaida tu, maana ile tofauti ya Bahari ya Hindi haikuwa kubwa kama ya 97. Ya 2023 tena ikaja na bahari yetu ya moto, na Desemba ileile ukaona maporomoko ya tope yaliyowakuta watu wa Katesh pale chini ya mlima Hanang.

Ulisema pia nitaje kitu ambacho sikukiona ila ningependa. Ile barafu ya Kenya, karibu na Nyahururu, Septemba 2008, kilima kikawa cheupe watu wakatoka kuichezea na wengine wanaila, wataalamu wakasema sio theluji, ni mvua ya mawe imeshikamana. Hiyo ningepanda basi hata leo.

Kimbunga hapana. Mei 2024 Hidaya inakuja Mafia, boti za Zanzibar zimesimamishwa, wewe unanitumia picha uko ufukweni Coco unaangalia mawimbi, nakwambia rudi nyumbani unanijibu mama acha uoga. Haya, mimi muoga. Ikija nyingine ukae ndani.

Mama yako