Mabasi ya umeme na makaa ya mawe: je, tunahamisha moshi tu?

SWALI: Halmashauri za mkoa wetu zimeungana kununua mabasi ya umeme yachukue nafasi ya yale ya dizeli. Lakini nusu ya umeme wetu unatokana na makaa ya mawe, nusu maji. Si tunautoa moshi barabarani na kuupeleka kwenye mtambo?

JIBU: Kwa kiasi fulani, ndiyo. Piga hesabu. Basi la dizeli la mita 12, kwenye njia ya mjini yenye vituo vingi, hunywa takriban lita 40 kwa kilomita 100. Kila lita ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ukaa, yaani kilo moja na ushei kwa kilomita, bila kuhesabu uchimbaji na usafishaji wa mafuta yenyewe. Basi la umeme la ukubwa huohuo, pamoja na upotevu wa kuchaji, hutumia karibu kWh 1.4 (uniti 1.4 za umeme) kwa kilomita. Umeme wa makaa hutoa takriban kilo moja kwa kWh, kwa hiyo gridi ya makaa matupu haiwapi nafuu yoyote ya maana. Yenu ya nusu kwa nusu inawashusha hadi kilo 0.7 hivi. Tena kila mtambo safi utakaoongezwa baadaye utalisafisha basi mlilokwisha kulinunua. La dizeli halina bahati hiyo. Masizi nayo yanaondoka kituoni mara moja, ingawa vumbi la matairi linabaki.

Mimi wasiwasi wangu uko yadini. Mabasi 50 yakirudi usiku na kuchomekwa yote kwa pamoja kwenye chaja za kW 100, mnadai megawati 5 kwa mkupuo. Ilhali basi lililotembea kilomita 200 linahitaji kWh 280 tu. Mkizipanga chaja kwa zamu ndani ya saa sita, megawati 2.3 zinatosha. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua bei ya transfoma. Shirika la umeme lihusishwe kabla ya zabuni ya mabasi kutangazwa, si baada ya mabasi kushushwa bandarini.

Na fedha zikipungua, ningetanguliza njia maalumu za mabasi, ili wenye magari wavutike kupanda basi. Hata basi la dizeli likibeba abiria 60, kila mmoja anabeba gramu 18 za hewa ukaa kwa kilomita. Aliye peke yake kwenye gari dogo la petroli anapita 150 kwa urahisi.