Arkeopteriksi ni ndege au dinosaria?

SWALI: Mhariri, binti yangu amefundishwa kwamba Arkeopteriksi ndiye ndege wa kwanza, ilhali mjomba wake humwita dinosaria. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wote wawili, ndugu msomaji, kwa kuwa wataalamu wa leo huwaweka ndege wenyewe ndani ya ukoo wa dinosaria. Kiumbe huyu, aliyepewa jina mwaka 1861 kutokana na visukuku vya mawe ya chokaa ya Solnhofen, Ujerumani, aliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita. Alikuwa na mbawa zenye manyoya, lakini pia meno, kucha tatu katika kila bawa, na mkia mrefu wa mifupa, ambao kwa ndege wa sasa umebaki kifundo kifupi tu. Ugumu wa kumpangia kundi unanivutia sana, maana ndivyo anavyopaswa kuwa kiumbe wa mpakani. Mwaka 2011 mtaalamu wa visukuku Xu Xing na wenzake nchini China walimhamishia upande wa jamaa za Velosirapta, dinosaria mdogo mla nyama. Chambuzi kadhaa za baadaye zikamrudisha kwa ndege. Kwa kulinganisha, Konfusiusornisi, ndege wa kale wa Liaoning, China, aliyeishi miaka milioni 125 hivi iliyopita, tayari alikuwa na mdomo usio na meno.