Barua kwa mwanangu: watoto anaowaona ukutani

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma. Unasema mchumba wako, aliyepofushwa na presha ya macho, amekunong'oneza kwamba jioni huona watoto wadogo wamekaa kimya ukutani. Unauliza kama ni majini au kichaa, na kama uendelee naye, maana siku nyingine hunyamaza kabisa.

Si majini, si kichaa. Ubongo uliozoea kupokea picha kutoka machoni ukizikosa hujitungia zake: nakshi, nyuso, wanyama, watu wadogo. Hali hiyo imepewa jina la Charles Bonnet wa Geneva, aliyeiandika mwaka 1760 baada ya babu yake kupatwa nayo. Picha hizo hazitoi sauti, na mwenyewe anajua hazipo. Zikimjia awashe taa au aizime, ainuke, au apeleke macho kushoto na kulia kwa sekunde 15 hadi 30 bila kugeuza kichwa. Amweleze daktari wake wa macho. Akianza kusikia sauti, au akiamini wale watoto ni watoto kweli, mpeleke hospitali usichelewe. Wengi huificha siri hii wakiogopa kuitwa wendawazimu, kwa hiyo aliyokuambia yabaki kwako.

Zile siku anazonyamaza ni jambo lingine. Ikiwa hata mwanga haoni, huenda saa ya mwili wake inateleza: leo usingizi unamjia saa nne usiku, wiki mbili baadaye saa tisa. Mchana anasinzia, simu hapokei, nawe unadhani penzi limepoa. Aandike saa za kulala na kuamka kwa wiki 4, ampelekee daktari. Lakini akijitenga, chakula kikamshinda, akasema heri asingekuwepo, usimwambie avumilie. Nendeni hospitali siku hiyohiyo, na usimwache peke yake.

Mkigombana kumbuka kwamba uso wako haumfikii. Kimya chako anakisikia kama hasira. Ukitaka kutoka, sema: "Natoka, nitarudi baada ya nusu saa." Kumwacha mtu akizungumza na kiti kitupu ni kumdhalilisha, mwanangu.

Kuendelea naye utaamua wewe, ila upofu usiwe sababu. Mapenzi huchoka pale mmoja anapogeuka nesi wa mwenzake. Apike, alipe, namba yake ya siri ya simu abaki nayo mwenyewe. Muuza chipsi akikuuliza wewe "atakula nini?", nyamaza ajibu mwenye tumbo. Njiani usimvute, ashike mkono wako juu kidogo ya kiwiko, nawe utangulie nusu hatua. Sahani mwelekeze kwa saa, lakini kubalianeni kwanza: saa ya Kiswahili au namba zilizo kwenye uso wa saa? Samaki wa "saa tatu" kwa mmoja yuko kushoto, kwa mwingine kulia, na vidole vinaishia kwenye mchuzi wa moto.

Ndugu zake nao wapimwe macho, hata wanaoona vizuri, maana presha ya macho hutembea katika ukoo.

Mkija Idi, mwambie mapema: mlangoni petu kuna ngazi tatu, na ya katikati imemeguka upande wa kulia.

Mama yako